Petroli Yangu na Dizeli ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nyota yangu imeng'aa leo. Kazi imepatikana! Karibu imepatikana. Kimebaki kikwazo kimoja tu, nacho ni shemeji yangu.

Nianze vizuri. Kuna mama mwenye kitalu kikubwa nyuma ya kiwanda cha matofali, mji mzima unamwita Mama Miche. Msimu wa kupanda umefika na anatafuta mtu mwenye pikapu na trela wa kumpelekea miche kwenye mashamba ya mlimani. Michungwa, milimau, miti ya kivuli, yote ndani ya viriba vyake. Ni kazi ya msimu mzima! Mafuta analipa yeye, kwa hiyo anataka gari lisilo na kiu.

Hapo ndipo taabu ilipo. Ameita watu wawili. Mimi, mwenye pikapu ya petroli, nyekundu, safi, yenye sauti tamu. Na kaka wa mke wangu, mwenye pikapu ya dizeli ambayo ikiwashwa asubuhi majirani wanafunga madirisha.

Jumamosi tutapimwa. Matangi yanajazwa mpaka mdomoni. Kila mtu anavuta trela lake na mzigo sawa mpaka mlimani na kurudi. Kisha matangi yanajazwa tena, na kitakachoingia ndicho gari lilichokunywa. Mama Miche kasema hataki maneno ya wanaume, pampu ndiyo itasema.

Nimemwambia mke wangu tumeshashinda. Injini ya petroli ni nyepesi, na chepesi hakili sana. Aangalie kuku na ng'ombe. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso. Akauliza kama kuku huyo ndiye atakayefungwa jembe. Mambo ya injini yana wenyewe. Mimi nimekaa duka la rangi miaka mingi kabla ya kununua gari; vitu vya kiufundi navijua.

Trela langu liko uani tangu siku lilipofika. Mke wangu analitumia kuanikia nguo. Nimepiga marufuku! Kuanzia kesho, maana sasa hivi shati langu liko pale na bado bichi.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja kula. Hakualikwa. Huwa haalikwi.

Alikaa kwenye kiti changu, akatoa somo. Dizeli, anasema, nguvu yake inapatikana injini ikizunguka polepole. Inavuta huku imetulia. Petroli ili ipate nguvu kama hiyo lazima ipige mayowe, na kila yowe linalipiwa kwa mafuta. Gari likiwa tupu, anasema, tofauti wala haikutii wasiwasi. Funga trela zito, panda mlima, hapo ndipo utajua mwenye pumzi ni nani. Mke wangu akamwongezea mboga. Damu yake hiyo, nifanyeje.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, mbona basi akipeleka dizeli yake kwa fundi anarudi macho mekundu? Akakohoa. Akaomba maji. Nimempata!

Alipoondoka nikafanya jaribio langu mwenyewe, la kisayansi. Kwanza gari tupu, mpaka njia panda na kurudi. Mshale wa mafuta haukutikisika. Nilipiga usukani kofi kwa furaha. Kisha nikafunga trela, nikalijaza matofali, nikapanda kilima cha shule. Gari lilipiga mayowe. Mshale ukashuka kama mtu aliyeambiwa akae chini.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Uamuzi wangu: mshale ni mbovu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kulikondesha gari.

Nimetoa tairi la akiba. Nimetoa jeki, sanduku la vifaa, mkeka wa sakafuni, ubao wa nyuma na kiti cha abiria. Nimezijaza tairi upepo mpaka zimekuwa ngumu kama jiwe, maana tairi gumu linateleza barabarani bila kubembelezwa. Gari sasa ni jepesi kama karatasi. Likikutana na jiwe linaruka. Raha tupu!

Mchana mke wangu akataka nimpeleke kwa fundi cherehani. Alifungua mlango. Akaangalia pale kiti kilipokuwa. Nikamwekea ndoo, nimeigeuza chini juu, nimeitandikia na gunia safi. Akakaa. Kila shimo, ndoo inaruka, naye anaruka, kimya. Ukoo wao naujua, angefoka ningepumua. Alipofika alishuka, akajinyoosha mgongo, akaniambia kwa sauti laini kwamba nisimsubiri, atarudi kwa miguu.

Jioni aliniuliza swali moja tu. Na dereva mwenyewe ana uzito gani?

Wazo zuri hilo! Sikuwa nimelifikiria. Nimemshukuru sana. Kuanzia leo sili chakula cha jioni mpaka Jumamosi.

Baadaye. Nimekula. Lakini nimekula nikiwa nimesimama, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Chakula cha namna hiyo hakihesabiki.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Uzito nimeshapunguza kwangu. Sasa niongeze kwake!

Nilienda kwa Shemeji na magunia ya mchanga. Pikapu yake ilikuwa nje, nyuma imefunikwa turubai. Yeye yuko ndani ananyoa ndevu huku anaimba. Sauti yake ni mbaya lakini leo niliipenda, maana ilinijulisha yuko wapi. Nikayaingiza magunia chini ya turubai moja moja, nikayapanga juu ya tairi za nyuma yasionekane. Mgongo ulinilia. Gunia la mwisho lilinipiga dole gumba la mguu. Nilimeza kilio.

Kuimba kukakoma. Shemeji akatokea na povu kwenye shavu, akanikuta nimeegemea gari lake, jasho linanitiririka. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nimekuja mbio kumtakia heri ya Jumamosi, kwa kuwa sisi kwanza ni ndugu.

Akaguswa! Macho yakamlegea. Akanikumbatia, povu likanipata sikioni. Akaniingiza ndani, akanipa chai, na nilipoaga akanizawadia kamba nene ya kuvutia magari, mpya, bado imefungwa. Akasema mwenye trela asikose kamba.

Njiani nilijisikia vibaya kidogo. Kufika kona ya pili nikapata nafuu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kubwa kutwa nzima. Nimekaa dirishani, mke wangu akidhani nimepumzika. Kumbe nafanya kazi!

Nimemuona mtu wa baiskeli. Alikuwa anahangaika na upepo, amejikunja, hasogei. Likapita lori. Akajibana nyuma yake, na mara akaanza kwenda kama anavutwa na uzi. Hata miguu hakuichezesha sana.

Nilisimama nikapiga makofi. Mpango wa tatu! Wa mbele anapasua upepo, wa nyuma anapita bure. Kesho Shemeji atatangulia. Mimi nitakaa nyuma ya trela lake, karibu kabisa, karibu kama kivuli. Dizeli yake ndiyo itanifanyia kazi!

Mke wangu aliuliza nampigia nani makofi. Nikamwambia mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, nguo zina masizi, na sitaki kuongea na mtu. Lakini shajara haisusiwi.

Asubuhi tulikutana kituo cha mafuta. Matangi yakajazwa. Mama Miche, mwavuli mkononi, akakagua matrela yote mawili, kiriba kwa kiriba, mpaka yakalingana. Kisha akasema atapanda kwangu, ili aone petroli inavyokwenda. Akafungua mlango. Akaiona ndoo. Akaufunga mlango. Akapanda kwa Shemeji.

Sikusikitika hata kidogo. Mama Miche si mwembamba! Mzigo mwingine kwake, juu ya mchanga wangu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda upande wangu.

Shemeji akatangulia. Mimi nyuma, nimembana. Na kweli upepo ulitulia! Gari likawa linateleza. Lililonitatiza ni moshi tu. Nilifunga vioo. Nikawasha waipa, zikapaka masizi vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Nikawa naziona taa za trela lake kama macho ya paka gizani, mchana kweupe. Lakini nilivumilia, maana mambo makubwa yana mateso yake.

Kwenye mteremko wa daraja nikaona niongeze akili. Nikaweka gia huru, gari lijiendee lenyewe, injini ipumzike. Trela likafurahi kuliko mimi. Likaanza kunisukuma mgongoni. Breki zikatoa harufu. Trela la Shemeji likawa linakuja usoni pangu kwa kasi, nikawa namwomba Mola wangu na kutafuta gia kwa wakati mmoja. Gia ilipatikana. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia, na sitaki kuisikia tena.

Kisha mlima. Mvua ya jana ilikuwa imeugeuza uji. Dizeli ya Shemeji ikaingia, ikaguna, ikapanda taratibu kama bibi anayepanda ngazi huku anasimulia habari za jirani. Haikukimbia wala haikusimama. Mimi nikaingia na mori. Tairi zangu ngumu kama jiwe, gari langu jepesi kama karatasi! Zikazunguka palepale. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga mayowe mpaka ndege wakahama mti. Nilikaa pale nikilinywesha tope petroli.

Mara namwona Shemeji anashuka kwa miguu, amebeba gunia begani.

"Shemeji, hebu ona maajabu," akaniambia, anahema. "Kuna mtu kaniwekea mchanga nyuma ya gari. Sijui ni nani. Ndio maana tairi zimeshika ardhi vizuri hivi. Bila uzito huu hata mimi ningekwama."

Akaumwaga chini ya tairi zangu. Akarudi juu, akaleta la pili. Nikatoka.

"Mungu mkubwa," nikamwambia.

Shambani kulikuwa na bibi mwenye shamba, ametusubiri tangu alfajiri. Akatazama miche ya Shemeji, kijani kibichi, inameremeta. Akatazama ya kwangu. Yote nyeusi! Kila jani! Kama iliyolelewa ndani ya bomba la moshi. Bibi akashika jani, akalifuta kwa kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi. Akauliza kama hiyo ni mbegu mpya.

Nikasema ndiyo.

Mama Miche akasema hapana.

Ya kwangu yote ikakataliwa, nikarudi nayo garini. Kwa hiyo Shemeji aliteremka na trela tupu, mimi nikateremka na msitu.

Sasa nifike kituoni, ingawa kalamu inakataa. Tuliingia pamoja, kila mtu pampu yake. Macho yangu yalikuwa kwa Shemeji, nasubiri kuona atajaziwa kiasi gani. Dada wa pampu akaniuliza anijazie nini. Wiki nzima kichwa changu na mdomo wangu vimekuwa na neno moja tu, usiku na mchana.

"Dizeli," nikasema. "Jaza mpaka juu."

Gari langu ni la zamani, mdomo wa tangi ni mpana, halikupinga. Pampu ya Shemeji ikasimama mapema. Yangu ikaendelea. Ikaendelea tu! Nikaanza kupiga mluzi ili nisiisikie. Iliposimama, Mama Miche alitazama namba zake, akatazama zangu, akafunga mwavuli. Shemeji alipotumia madumu mawili, mimi nilitumia matatu na bado kikombe.

Ndipo Shemeji akanisogelea, akanong'ona ili nisiaibike.

"Shemeji, mbona gari lako wamelilisha chakula cha gari langu?"

Hapo mtu mwenye busara angezima na kushuka. Mimi nilimwambia najua, ni makusudi, ni jaribio. Nikawasha. Gari likaenda mpaka pale pa kutokea. Likakohoa. Likatoa moshi mzito, mweupe, likafa. Kwa muda mfupi lilikuwa la dizeli kamili.

Nimevutwa mpaka nyumbani kwa kamba yangu mpya. Tumepita barabara ya sokoni. Shemeji alimpigia honi kila anayemfahamu, na Shemeji anafahamiana na watu wengi sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka nimeamua kurudi duka la rangi. Nitaomba radhi. Nitafungua makopo, nitakoroga, nitafunga makopo. Nilimwambia mke wangu hivyo, nikiwa nimeutazama ukuta. Nilidhani atashangilia.

Hakushangilia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia nilipokuwa duka la rangi nilikuwa narudi nyumbani sina hadithi hata moja. Sasa narudi nazo nyingi mno. Akasema kati ya mawili hayo yeye ameshachagua, ila angependa kiti cha abiria kirudishwe. Kisha akanitupia kitambaa, akaniambia niende uani.

Kumbe Mama Miche kaleta ujumbe. Miche ile ni mali yake, nami ndiye niliyeichafua, kwa hiyo niioshe. Jani kwa jani. Na asione hata moja limechanika.

Tukaanza, mimi na mke wangu, beseni katikati yetu. Jua lilikuwa zuri baada ya mvua. Mchungwa mdogo ukishauosha unatoa harufu nzuri, sikuwa najua hilo. Jani linatoka jeusi, unalipangusa, linang'aa kama limezaliwa saa hiyo. Kufikia mchana nilikuwa nimeacha kununa bila kujua.

Shemeji akaja. Safari hii hakuuliza chakula. Akakunja mikono ya shati, akavuta kigoda, akasema masizi ni yake na yeye ataosha. Huku akiosha akaanza kusema, na sijawahi kumsikia akisema hivyo. Akasema mlimani dizeli yake ni mfalme, lakini mjini inamtesa. Safari fupifupi, washa, zima, injini haijapata joto vizuri imeshazimwa. Inajaa masizi, inakohoa, inapelekwa kwa fundi, na kwa fundi wa dizeli mtu hutoki ukiwa unacheka. Akasema akiona pikapu yangu inavyowaka asubuhi, mara moja na kimya, roho inamuuma.

Roho inamuuma! Yeye! Kwa ajili ya gari langu! Nilimwomba arudie, nikijifanya sikusikia.

Jioni Mama Miche akaja kukagua. Alizunguka trela zima akigeuza majani, tukamfuata kama wanafunzi. Akaguna. Akasema imekuwa safi kuliko ilivyotoka kitaluni. Kisha akatamka hukumu: kazi ya mlimani ni ya Shemeji. Pampu imesema.

Nikainamisha kichwa. Ndipo mke wangu, anakamua kitambaa, akamuuliza Mama Miche, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, wale watu wa mjini wanaotaka miche michache michache ya uani, je, nani huwa anawapelekea?

Mama Miche akasema hakuna. Wanakuja, wanauliza kama wataletewa, anawaambia hapana, wanaondoka. Ni wengi, akasema. Akamtazama mke wangu. Akaitazama pikapu yangu, nyekundu, imelala pale na tumbo limejaa dizeli.

Akasema mzigo wa namna hiyo ni mwepesi. Nusu trela, barabara tambarare, washa na zima. Na wateja wenyewe hawatapenda kuletewa mche pamoja na moshi.

Kisha akaniuliza kama najua kuendesha bila kumfuata mtu.

Nimeapa!

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kaja kumwaga tangi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimemwacha acheke, leo hakuna wa kunikasirisha. Kaosha tangi, kabadili chujio, katia petroli safi. Gari likawaka mara moja, kimya, kama halijawahi kunikosea wala mimi kulikosea.

Nimerudisha kiti cha abiria. Nimerudisha tairi la akiba, jeki, vifaa, mkeka, ubao. Nimepunguza upepo. Mke wangu alikuja, akakaa kwenye kiti, akakipigapiga mkono. Akashuka, akaenda zake kupika. Nimesamehewa, nadhani.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kwanza kazini. Ni siku nzuri kuliko zote tangu ninunue gari!

Mke wangu alikuja nami kunisaidia kuteremsha. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, alinunua milimau mitatu na akatueleza habari ya kila mmoja ataupanda wapi na kwa nini. Wa pili ni dada wa ghorofa ya nne. Hana uwanja, ana kibaraza tu, lakini anataka mchungwa. Niliupandisha ngazi mwenyewe, nimeukumbatia kama mtoto. Akauweka mahali jua linapoingia, akasimama akiutazama, machozi yakamlenga. Akasema tangu ahamie mjini hajawahi kuwa na kitu kinachokua. Mke wangu akanigusa kiwiko.

Ghorofa ya pili wakafungua mlango kuuliza huo mti unauzwa wapi. Oda mpya mbili hapohapo ngazini!

Tulizunguka mpaka jioni. Gari halikupiga yowe hata moja. Trela linatufuata kama mbuzi aliyefugwa vizuri. Kituoni, dada wa pampu aliniuliza anijazie nini, kwa sauti ya kunichokoza, nikamjibu petroli, taratibu, herufi kwa herufi. Kikaingia kidogo tu! Mama Miche kaona, kasema vizuri. Kasema neno hilo mara mbili.

Shemeji kapita usiku akitoka mlimani, tope mpaka magotini, anatabasamu. Tumekula pamoja, watatu. Amekaa kwenye kiti changu. Nimemwacha.

Alhamisi, 13 Machi

Ninayo kazi. Ninayo heshima. Mke wangu anaimba akifagia. Mtu mwingine angetosheka, na mimi nilikuwa nimetosheka kabisa mpaka leo saa nne.

Saa nne nilikuwa kituoni. Akaja bwana mmoja wa kofia safi, akasimama kuutazama mzigo wangu. Akauliza nani anapeleka mlimani. Nikamweleza habari za dizeli na petroli, jinsi pampu ilivyosema. Akacheka kwa huruma. Akasema mabishano hayo yamepitwa na wakati. Binamu yake anaendesha gari kwa gesi. Gesi ya kawaida! Ya kupikia! Haina moshi, haina kelele, na inatumika kidogo mno. Haishindwi na petroli, haishindwi na dizeli.

Nilimuuliza kama inavuta trela mlimani. Akasema hajui, lakini haoni sababu kwa nini isivute.

Haoni sababu! Wala mimi siioni. Mlima ule unaweza kuwa wangu kabla ya mwezi kwisha. Shemeji nitampa kazi ya mjini, nitamfundisha kupanda ngazi na mchungwa. Simchukii. Ni ndugu yangu.

Nimerudi nyumbani mbio. Mke wangu alikuwa ametoka. Jikoni kuna mtungi wa gesi, mpya kabisa, umejazwa juzi. Nimeutikisa: mzito, unafaa. Fundi anasema hagusi jambo hilo hata kwa dawa, lakini fundi ni mtu wa zamani. Kesho nitatafuta mwingine. Kwa leo nimeupeleka tu garini ili vizoeane. Nimeukalisha kiti cha abiria, nimeufunga mkanda. Umekaa vizuri kuliko abiria wengi ninaowajua.

Mke wangu amerudi. Amesimama mlangoni na sufuria ya maharage mabichi mkononi, anauliza jiko lake limepatwa na nini. Nimemwambia aiweke chini kwanza, akae, habari ni njema.